Kumpa Uhai Kiumbe wa Njozi kwa Picha Moja Moja: Mwongozo Kamili wa Ufundi wa Ray Harryhausen

Katika filamu ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, watu watatu wanapigana kwa panga na viunzi saba vya mifupa vilivyoota ardhini. Mtazamaji huyamaliza mapigano hayo kwa dakika chache, lakini Ray Harryhausen, aliyevisogeza viunzi hivyo kwa mikono yake mwenyewe, alitumia takriban miezi minne na nusu kuyakamilisha, na zilikuwapo siku ambazo kazi ya kutwa nzima haikufikia hata sekunde moja ya filamu. Mwongozo huu unaeleza jinsi kazi ya aina hiyo inavyofanywa, kuanzia mchoro wa kwanza hadi sauti ya mwisho. Katika kila hatua nitaonyesha walivyofanya mabingwa wa zamani, kisha nitaeleza namna inavyoweza kufanywa leo na mtu mwenye simu, kompyuta ya kawaida na vifaa vinavyopatikana katika duka la vifaa vya ujenzi.

Msingi wa ufundi wenyewe ni mwepesi kueleweka. Filamu ya sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, na kila picha moja huitwa fremu. Fundi hupiga fremu moja ya kikaragosi kilichosimama kimya, hukisogeza kidogo sana, hupiga nyingine, na huendelea hivyo mpaka picha zikionyeshwa mfululizo kikaragosi kionekane kinatembea. Willis O'Brien ndiye aliyeupeleka ufundi huu kwenye viumbe wakubwa wa kutisha, kwa The Lost World ya mwaka 1925 na King Kong ya mwaka 1933. Harryhausen aliiona King Kong jijini Los Angeles akiwa bado mvulana, akaanza kujaribu mwenyewe nyumbani, na hatimaye akafanya kazi chini ya O'Brien katika Mighty Joe Young ya mwaka 1949.

Tutachukua kazi moja na kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho: picha ya sekunde 10 inayoonyesha zimwi lenye jicho moja, lenye urefu wa mita 6, likiinuka nyuma ya mwamba na kumkabili mtu. Nimechagua zimwi kwa sababu wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanamjua Sindbad Baharia na lile jitu lililowala wenzake katika safari ya tatu, na kwa sababu zimwi la jicho moja la The 7th Voyage of Sinbad, filamu ya Harryhausen ya mwaka 1958, bado ni darasa kamili kwa yeyote anayeanza.

Hatua ya kwanza: kubuni kiumbe

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuchora kiumbe kinachopendeza kwenye karatasi bila kujiuliza nani atakisogeza. Kila kitu kinachoning'inia, kama vile nguo, nywele ndefu au mikufu, kitapaswa kusogezwa fremu kwa fremu, na kisiposogezwa kwa utaratibu kitatikisika ovyo. Mwili wa Kong, yule sokwe mkubwa wa King Kong, ulivikwa manyoya ya sungura, na kila alipoguswa manyoya yalilala upande mwingine. Ukitazama kwa makini utayaona yakicheza kana kwamba upepo unavuma kila mahali. Harryhausen alijifunza kuukwepa mtego huo. Alipomtengeneza Medusa kwa ajili ya Clash of the Titans ya mwaka 1981 hakumvika kanzu, bali alimpa kiwiliwili cha nyoka, na hivyo akapata kiumbe wa kutisha zaidi asiye na kitambaa cha kuhangaikia. Hata fedha zilihusika katika ubunifu: pweza wa It Came from Beneath the Sea ya mwaka 1955 ana mikono sita badala ya minane, kwa sababu bajeti haikutosha kutengeneza na kusogeza yote.

Jambo la pili la kuzingatia ni umbo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulivaa. Zimwi la mwaka 1958 lilipewa miguu ya mbuzi, yenye kifundo kinachopinda kuelekea nyuma, ili asiwepo mtazamaji atakayedhani kwamba ni mtu aliyevaa vazi la mpira. Lipe zimwi lako jambo kama hilo: mikono inayofika magotini, shingo iliyozama mabegani, au miguu ya ndege. Kisha lichore kwa ukubwa halisi wa kikaragosi, mbele na ubavuni. Urefu wa sentimita 30 unafaa, kwa kuwa mikono yako inaingia bila shida, na uwiano wa sentimita 1 kwa sentimita 20 za uhai unarahisisha hesabu zote zitakazofuata.

Hatua ya pili: kiunzi

Ndani ya kila kikaragosi cha enzi hizo mlikuwa na kiunzi cha chuma chenye vifundo vya gololi. Gololi ya chuma iliyounganishwa na mpini hubanwa katikati ya vibati viwili vyenye matundu, na skrubu moja huviminya vibati hivyo mpaka msuguano utoshe kukizuia kiungo kisianguke huku vidole viwili vikiweza kukisogeza. Baba yake Harryhausen, Fred, alikuwa fundi mitambo, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyevikereza vyuma vya viumbe wa mwanawe. Ukiwa na fundi wa kukereza jirani na una fedha za kumlipa, mpelekee mchoro; nyonga, mabega na vifundo vya miguu ndivyo vinavyonufaika zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyobeba uzito.

Kwa wengi wetu kiunzi cha waya kinatosha. Tumia waya wa aluminiamu wenye unene wa milimita 2 au 3. Waya wa chuma wa kufungia nondo haufai, kwa sababu hurudi nyuma kidogo kila unapoupinda. Sokota nyuzi tatu pamoja kwa ajili ya miguu na uti wa mgongo, nyuzi mbili kwa mikono, na uzi mmoja mwembamba kwa kila kidole. Laza waya juu ya mchoro wako na uukate kwa vipimo vyake. Kisha kanda gundi ya epoksi ya aina ya udongo na uivingirishe mahali penye mfupa, yaani paja, goko, mkono wa juu, kigasha, fuvu, kifua na nyonga, ukiacha sentimita moja ya waya mtupu katika kila kiungo. Mifupa hiyo migumu ina kazi muhimu, kwani bila hiyo mkono utapinda popote kama mpira wa kumwagilia bustani, na jicho la mtazamaji litagundua mara moja kwamba ndani hamna mfupa.

Waya wa aluminiamu huchoka na kukatika, na kwa kawaida hukatika katikati ya picha, kwenye kifundo cha mguu au kiwiko. Kwa hiyo usiifunge miguu na mikono moja kwa moja kwenye kiwiliwili. Zika vipande vya mrija mdogo wa shaba ndani ya epoksi ya mabega na nyonga, chomeka viungo humo, na uvikaze kwa skrubu ndogo. Kiungo kikivunjika utachomoa na kuweka kingine kilichokwisha kutengenezwa. Katika kila unyayo zika nati ya milimita 4 ikiwa imetazama chini. Kabla ya kuendelea, simamisha kiunzi kitupu kwa mguu mmoja kikiwa kimeinama mbele na ukiache kwa nusu saa. Kikilegea sasa, kitalegea zaidi kitakapobeba mwili.

Hatua ya tatu: nyama na ngozi

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufinyanga sanamu ya udongo, kuitolea kalibu ya plasta, kuweka kiunzi ndani ya kalibu, kumimina povu la lateksi, yaani utomvu wa mpira, na kulioka katika joko. Njia hii hutoa ngozi safi yenye kila kunyanzi, lakini inahitaji joko la peke yake na uzoefu wa kupima kemikali. Ya pili ni ya Marcel Delgado, mjenzi wa viumbe wa The Lost World na wa King Kong, ambaye aliujenga mwili kwa kuongeza misuli mmoja baada ya mwingine juu ya kiunzi na kuufunika kwa lateksi. Anza na hii. Kata sponji ya godoro kwa mkasi, ibandike juu ya mifupa kwa gundi ya mpira, ongeza pamba palipo na msuli, na upunguze unene kwenye viungo vyote, kwa kuwa sponji nene kiunoni au gotini itasukuma kiungo kirudi kilikotoka.

Kwa ngozi, paka lateksi nyembamba juu ya kipande cha plasta ulichokichora mikunjo na magamba, iache ikauke, ipake tena mara tatu au nne, kisha ibandue na kuibandika mwilini. Rangi ya kawaida hupasuka mpira unapovutika, basi changanya rangi ya akriliki na lateksi kidogo kabla ya kupaka. Lateksi huoza kwa joto, mwanga na hewa, na vikaragosi vingi maarufu vya zamani vimebaki chuma tu. Kwenye miji ya pwani yenye joto na unyevu, weka kikaragosi ndani ya sanduku lililofungwa, mahali penye kiza na ubaridi.

Jicho ni shanga nyeupe laini iliyowekwa ndani ya shimo lenye mafuta kidogo ya mgando. Toboa tundu dogo sana katikati ya mboni ili uweze kulizungusha kwa ncha ya pini bila kuacha alama. Ukitaka kiumbe apumue, na nakushauri utake, fuata alichofanya Delgado, ambaye aliweka vifuko vya hewa ndani ya baadhi ya viumbe wake: puto dogo chini ya sponji ya kifua, mrija mwembamba unaotokea mgongoni, na bomba la sindano lenye vipimo. Mililita chache za hewa zinazoingia na kutoka zitamwonyesha kiumbe yu hai hata pale asipofanya kitu.

Hatua ya nne: meza

Tumia plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu nzito ya mbao, na uweke mifuko ya mchanga kwenye miguu ya meza. Toboa matundu pale tu unyayo utakapotua, pitisha bolti kutoka chini mpaka kwenye nati ya unyayo, na ukaze. Mguu ulio ardhini lazima ufungwe katika kila fremu bila ubaguzi. Matundu yaliyokwisha kutumika yazibwe kwa udongo wa rangi ya ardhi yako. Acha nafasi ya kufika chini ya meza bila kuigusa kamera, na usiiweke stendi ya kamera juu ya mbao zilezile unazozikanyaga.

Hatua ya tano: kupiga picha ya mtu kwanza

Hapa wengi hugeuza mpangilio. Mtu hupigwa picha kwanza, kikaragosi baadaye, kwa sababu kikaragosi kinaweza kulinganishwa na mtu lakini mtu hawezi kulinganishwa na kikaragosi. Waigizaji wa Jason and the Argonauts walifanya mazoezi ya mapigano pamoja na wataalamu wa panga waliochukua nafasi ya mifupa, kisha wataalamu wakaondoka na waigizaji wakarudia kila pigo wakiwa peke yao, wakisimamisha panga hewani mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Tafuta mahali penye mwamba, ukuta mfupi au kichuguu, kwa kuwa ukingo huo ndio utakaoificha miguu ya zimwi na kukuondolea nusu ya matatizo ya kivuli. Funga kamera juu ya stendi, usiiguse tena, na uchague kasi ya fremu 24 ambayo utaishikilia mpaka mwisho. Mwenzako ashike ufito mrefu wenye alama kwenye mita 6, mahali ambapo jicho la zimwi litakuwa, ili mwigizaji ajue pa kutazama. Mwigizaji akitazama chini ya hapo kwa mita moja tu, hofu yake yote itageuka kichekesho. Piga sekunde chache pamoja na ufito, kisha uondolewe na mwigizaji arudie. Andika mambo manne kabla ya kuondoka: urefu wa kamera kutoka ardhini, umbali kutoka kamera hadi mahali pa zimwi, upande na kimo cha jua, na lenzi uliyotumia.

Hatua ya sita: kamera na taa mezani

Sasa uwiano wetu unaanza kulipa. Kamera iliyokuwa mita 1.6 kutoka ardhini itakuwa sentimita 8 juu ya usawa wa meza, na iliyokuwa mita 12 kutoka kwa zimwi itakuwa sentimita 60 kutoka kwa kikaragosi, kwa lenzi ileile. Usipofuata vipimo hivi, macho ya watazamaji yatakataa picha yako hata wasipoweza kueleza sababu. Kitu kidogo kilichopigwa kwa karibu hujisaliti pia kwa ukungu wa fokasi mbele na nyuma yake, na kwa hiyo, kama kamera inakuruhusu, funga tundu la lenzi hadi f/11 na uongeze muda wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, hata robo sekunde, maana kikaragosi hakitikisiki.

Weka kila kitu kwa mkono: fokasi, mwangaza, rangi ya mwanga na kiwango cha kamera kuhisi mwanga (ISO). Mpangilio wowote wa kujiendesha utabadilika unapoinama mbele ya taa, na picha itapepesa. Ziba madirisha, kwa sababu jua husogea wakati unafanya kazi. Umeme unaopanda na kushuka ni adui mkubwa zaidi. Tumia taa za LED zinazoendeshwa na betri, au uzipitishe kwenye kidhibiti cha umeme. Vaa nguo nyeusi zisizorudisha mwanga, simama mahali palepale kila unapopiga, na upige kwa kutumia waya au programu ya mbali, kamwe si kwa kubonyeza kamera. Taa kuu ikae upande uleule na kimo kilekile cha jua uliloliandika, na taa dhaifu ya samawati ijazie vivuli kama anga inavyofanya.

Hatua ya saba: jedwali la fremu

Pitisha video ya mwigizaji kwenye programu ya kuhariri na uitoe kama picha zenye namba, 240 kwa sekunde 10. Chora jedwali lenye namba hizo, na mbele ya kila namba andika anachofanya mtu, kisha anachopaswa kufanya zimwi. Mtu akishtuka kwenye fremu ya 52, kichwa cha zimwi kiwe kimeshatokea kufikia fremu ya 46, kwa sababu binadamu huchukua takriban robo sekunde kuitikia alichokiona. Hesabu za namna hii ndizo zinazowafanya wawili hao waonekane wako mahali pamoja. Inaruhusiwa kupiga kila mkao mara mbili, hivyo kupata mikao 120 badala ya 240, isipokuwa kwenye miondoko ya haraka, ambayo inahitaji mkao mpya katika kila fremu. Kwa dakika tatu kwa kila mkao, mikao 120 ni saa sita za kazi. Panga kuzimaliza kwa siku moja, kwa maana meza iliyolala usiku huamka imebadilika kidogo.

Hatua ya nane: kusogeza

Ulaini wa mwendo ndio jambo wanaloanzia kulisifu wageni wa ufundi huu, na kwa maoni yangu ndilo jambo la mwisho la kulitafuta. Viumbe wa Harryhausen hawana ule ukungu wa mwendo ambao kamera hunasa kwa vitu vinavyokwenda kasi, na yeye mwenyewe aliona kwamba hali hiyo huipa picha hisia ya ndoto. Phil Tippett na wenzake walipoitafutia dawa katika Dragonslayer ya mwaka 1981, kwa fito zenye mota zilizomsogeza joka wakati shata imefunguka, matokeo yalikuwa ya kupendeza sana, lakini mitambo yake haiko mikononi mwa mtu mmoja nyumbani. Kinachomfanya mtazamaji aamini ni vitu viwili ambavyo havihitaji mtambo: uzito na nia.

Uzito ni hesabu. Kitu kinachoanguka mita 6 huchukua sekunde 1.1, karibu fremu 27. Ukikiangusha kikaragosi chako sentimita 30 kwa fremu 6, kama kinavyoanguka kweli mezani, utakuwa umeonyesha mwanasesere. Ukikiangusha kwa fremu 27, umeonyesha jitu. Mwendo wenyewe usiwe sawa: katika robo ya kwanza ya muda kitu huanguka sehemu moja tu ya kumi na sita ya njia, na kufikia nusu ya muda kimekwenda robo. Kanuni hiyo itumie kwa mkono unaoshuka, mguu unaotua na kichwa kinachoinama. Mtu wa kawaida hupiga hatua moja kwa fremu 12 hivi. Zimwi letu lipe fremu 24 hadi 30. Unyayo unapotua, usisimamishe mwili papo hapo, bali goti liendelee kuzama kwa fremu tatu au nne, nyonga ifuate, kisha bega, na mwisho kichwa. Viungo vyote vikisimama kwenye fremu moja, kiumbe ataonekana hana uzito wowote.

Nia huonekana kabla ya tendo. Zimwi linalotaka kupiga kwanza hurudisha mkono nyuma, na kabla ya kurudisha mkono hutazama, na kabla ya kichwa kugeuka jicho hugeuka. Mpangilio huo wa jicho, kichwa, bega, mkono, ukifuatwa kwa tofauti ya fremu mbili au tatu, humfanya mtazamaji aone kiumbe anayefikiri. Harryhausen alijifunza uigizaji pamoja na umbile la mwili, na inaonekana hata katika viumbe wake wakimya: Ymir wa 20 Million Miles to Earth, filamu ya mwaka 1957, anamsikitisha mtazamaji anapoporomoka kutoka Colosseum ya Roma, ingawa hana neno hata moja. Naye Talos, lile jitu la shaba la mwaka 1963, alisogezwa kwa ukakamavu wa makusudi kwa kuwa ni chuma, jambo ambalo baadhi ya watu walilidhania udhaifu wa fundi. Igiza tendo lote wewe mwenyewe mbele ya kioo ukiwa na saa, kabla hujagusa kikaragosi.

Kwa kila fremu fuata utaratibu uleule. Soma jedwali. Weka ncha ya kipimo chako, ambacho ni waya uliochongoka juu ya kitako kizito, ikaribie pua ya kikaragosi bila kuigusa. Shika kiungo kwenye mfupa na si kwenye ngozi, kisogeze, uone ncha imeachwa kwa umbali gani. Ondoa kipimo, kukisahau ndani ya picha ni jambo linalowapata hata wazoefu. Tazama kwenye programu ya kupigia picha, ambayo itakuonyesha kivuli cha fremu iliyotangulia, kisha piga na uweke alama kwenye jedwali. Kivuli hicho ni anasa ambayo Harryhausen hakuwa nayo: Hydra wake, lile joka la Jason and the Argonauts, alikuwa na vichwa saba, na alipaswa kukumbuka kipi kinakwenda mbele na kipi kinarudi, huku filamu ikisubiri kusafishwa maabara kabla ya mtu yeyote kujua kama imefaulu.

Zimwi lisitulie kabisa. Hata linapomtazama mtu kwa sekunde mbili, kifua kiendelee kupanda na kushuka, vidole vikunjike kidogo, uzito uhame kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Lakini usisogeze kila kitu kila wakati, kwa maana kiumbe anayetapatapa kila fremu hupoteza ukubwa wake.

Hatua ya tisa: kuwaunganisha kiumbe na mtu

Njia ya O'Brien ilikuwa kujenga misitu midogo yenye tabaka za vioo vilivyopakwa rangi, nzuri mno na ghali mno. Harryhausen alitafuta njia ya mtu mmoja mwenye bajeti ndogo, na mtayarishaji wake Charles Schneer akaipa jina la Dynamation. Picha ya waigizaji ilirushwa na projekta kutoka nyuma, fremu moja moja, kwenye skrini ndogo, na kikaragosi kikasimama mezani mbele ya skrini hiyo. Kati ya kamera na meza kilikuwapo kioo, na juu ya kioo sehemu ya chini ilipakwa rangi nyeusi kwa kufuata ukingo wa ardhi au mwamba ulioonekana kwenye picha, ili meza ifichwe. Baada ya picha nzima kupigwa, filamu ilirudishwa mwanzo, weusi ukahamishiwa juu, na sehemu ya chini ya picha ileile ikapigwa, safari hii bila kikaragosi. Matokeo yake ni kiumbe aliyebanwa katikati ya ulimwengu wa kweli: mlima nyuma yake, mwamba mbele yake. Rangi iliongeza ugumu, kwa kuwa picha iliyopigwa mara mbili ilizidi kuwa na chembechembe na rangi zake zilibadilika, na filamu zake ndefu zilizotumia njia hii kabla ya mwaka 1958 ni za rangi nyeusi na nyeupe.

Leo tandaza kitambaa cha kijani nyuma ya kikaragosi, mbali nacho kwa sentimita 50 au zaidi ili kijani kisirudi kwenye ngozi, na ukimulike kwa taa zake chenyewe. Kama zimwi lako ni la kijani, tumia kitambaa cha buluu. Katika programu ya kuhariri weka tabaka tatu: chini picha ya mwigizaji, katikati kikaragosi kilichoondolewa kijani, na juu nakala ya picha ya mwigizaji iliyokatwa kwa barakoa, yaani umbo linaloficha sehemu ya picha, inayofuata ukingo wa mwamba. Zimwi litainuka nyuma ya mwamba kama ulivyokusudia. Lainisha ukingo wa barakoa kwa pikseli moja au mbili tu, sawazisha weusi wa vivuli vya kikaragosi na weusi wa vivuli vya mahali palepale, halafu ongeza chembechembe za picha juu ya tabaka zote kwa pamoja, kwa sababu chembechembe zinazofanana hufanya kazi kubwa kuliko marekebisho mengi ya rangi. Mwenye televisheni ya inchi 55 anaweza kujaribu njia ya zamani yenyewe, kwa kuiweka sentimita 30 nyuma ya kikaragosi, kuonyesha picha zenye namba moja baada ya nyingine, na kuzuia taa za mezani zisiiangukie skrini.

Kuna hila moja inayouzidi ufundi wote huu kwa kuaminisha, nayo ni mguso. Katika The Valley of Gwangi ya mwaka 1969, wapanda farasi wanamnasa dinosau kwa kamba. Wakati wa kupiga picha waliifunga kamba kwenye nguzo iliyosimamishwa juu ya gari la jipu. Baadaye mwili wa dinosau uliwekwa kwa namna ya kulificha gari, na waya mwembamba uliofungwa shingoni mwake ulilinganishwa na kamba ya kweli mahali zinapokutana. Nawe unaweza kufanya hivyo kwa udogo: mwigizaji avute kamba iliyofungwa kwenye mti, zimwi liuzibe mti, na uzi wa kwenye kifundo cha mkono wa kikaragosi ukutane na kamba hiyo. Inataka saa moja zaidi ya kulinganisha, na hakuna atakayeuliza tena kama wawili hao walikuwa mahali pamoja.

Hatua ya kumi: sauti

Rekodi vishindo kwa mfuko wa mchanga unaoangushwa juu ya ubao, shusha kasi ya sauti hadi nusu, na uweke kila kishindo kwenye fremu ambayo unyayo unagusa ardhi. Pumzi ya zimwi ifuate fremu ambazo puto la kifuani linajaa na kupungua. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kishindo cha zimwi lililo mita 12 kutoka kwenye kamera hakihitaji kucheleweshwa, lakini ukipiga picha nyingine likiwa mbali kwa mita 100, chelewesha kishindo chake kwa fremu 7.